Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: huyu binti wa pointi 26 tumwambie aende wapi?

Mheshimiwa Waziri wa Afya, shikamoo.

Naandika kutoka Moshi. Mi ni mtu wa steshenari tu, njia ya kwenda Pasua, nina kompyuta mbili, printa moja inayotafuna karatasi pale inapojisikia, na bando. Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka mwezi wa kwanza hapo kwangu hakukaliki, mpaka vyuo vifunguliwe kazi yangu kubwa ni kuwajazia watoto wa watu maombi ya vyuo, na kwenye hao wote wanaotaka unesi ndo wengi. Huku kwetu haishangazi, KCMC, hospitali yetu ya rufaa, iko pale tangu 1971, Mawenzi iko katikati ya mji, Kibosho wana hospitali yao, Machame wana yao, Rombo kuna Huruma, kwa hiyo mtoto anakua anaona shangazi anaenda zamu na anarudi zamu na nyumba inajengwa, na yeye anataka hivyo hivyo. Sio ndoto kubwa sana jamani. Hajaomba urubani.

Sasa naomba nikuwekee matokeo ya watoto wawili niliowajazia, majina naacha.

Wa kwanza ni binti wa Uru, mama yake anauza mtumba pale Memorial. Kwenye skrini yanasomeka hivi: CIV (Uraia) D, HIST D, GEO D, KISW C, ENGL D, PHY (Fizikia) F, CHEM (Kemia) D, BIO (Baiolojia) C, B/MATH (Hisabati) F. D ndo ufaulu wa chini kabisa, F ni kufeli. Divisheni IV ya pointi 26, na pointi zikiwa chache ndo vizuri. Kaikosa divisheni III kwa pointi moja.

Wa pili ni kijana wa njia ya TPC. PHY D, CHEM D, BIO D, KISW D, yaliyobaki yote F. Divisheni IV ya pointi 31.

Ukimuonyesha mtu yeyote pale kijiweni haya matokeo ukamuuliza nani anaenda kusoma uuguzi, atakuambia binti. Kafaulu masomo saba, ana C ya Baiolojia, Kiingereza cha kusomea hayo madaftari anacho. Lakini aliyeenda ni kijana. Na ameenda kihalali kabisa wala simwonei kijicho, nilimjazia mwenyewe na nauli mama yake alichanga kwa majirani, Mungu amsaidie amalize. Kwa sababu kigezo cha stashahada ya uuguzi na ukunga kinasema hivi, ufaulu wa masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, na ndani yake lazima iwemo Kemia, iwemo Baiolojia, na iwemo Fizikia au ile sayansi ya uhandisi. Hisabati na Kiingereza ukiwa navyo ni nyongeza tu. Basi. Binti ana saba lakini Fizikia hana, mlango umefungwa. Kijana ana manne yale yale yanayotakiwa, anapita.

Kwa hiyo Mheshimiwa kitu cha kwanza nilichotaka ukijue ni kwamba hawa watoto wanaambiwa kila mahali, nyumbani, kanisani, kwenye daladala, "we una wastani mdogo, unesi hauwezi", na wenyewe wanaamini, wanaenda kusuka nywele saluni wakijua ni wajinga. Wakati wastani sio unaowazuia. Kinachowazuia ni somo moja. Nimejaza fomu nyingi vya kutosha kukuambia kwamba foleni ya waliokosa unesi kwa sababu ya Fizikia peke yake ni ndefu, na wengi wao ni wasichana wa shule za kata.

Na hiyo F ya Fizikia imetoka wapi, hilo nalo tuliongee kidogo. Nilimuuliza yule binti, mwalimu wenu wa Fizikia alikuwa nani, akacheka. Akasema kidato cha tatu alikuja mwalimu wa mazoezi ya kufundisha akakaa nao wiki kadhaa akaondoka, kidato cha nne wakawa wanafundishwa na mwalimu wa Hisabati akipata nafasi, na kwenye pratiko walikuwa na amita, ile ya kupimia umeme, moja ya kundi zima, mmoja anashika, mmoja anasoma, wengine wanakopi namba. Maabara ipo. Zile zilizojengwa kwa michango yetu enzi za Kikwete, kila shule ya kata vyumba vitatu, tulichangia mpaka mifuko ya saruji na mabalozi wakapita nyumba kwa nyumba. Chumba kipo na bati lake, ila anasema cha Fizikia kilikuwa kinawekwa viti vibovu. Huyo ndo mtoto anakuja kwenye mtihani wa taifa anaulizwa mzunguko wa umeme.

Alafu kuna hii ya alama. Siku hizi D inaanzia 30. Mtoto aliyepata 29 ana F, aliyepata 30 ana D, na kwenye cheti hakuna alama ni herufi tu, kwa hiyo aliyekosa kwa alama moja na aliyekaa anachora maua kwenye karatasi mpaka muda ukaisha wote ni F, hamna tofauti. Na hizo alama zenyewe hazikushuka kutoka mbinguni. Wengine tunakumbuka zamani D ilikuwa inaanzia 21. Maana yake wapo manesi wazuri tu leo, wapo kwenye wodi zako, tunawapa shikamoo, ambao walipata ishirini na kitu za Fizikia wakapewa D wakaenda chuo, na mtoto wa leo mwenye alama zile zile ni F. Matokeo ya 2012 yalipotoka mwanzoni mwa 2013 watoto wakapata sifuri kwa maelfu, nchi ikapiga kelele, tume ikaundwa, matokeo yakafutwa yakapangwa upya. 2014 ikaja GPA, yaani wastani wa alama, na zile distinction na merit, watu hawajazoea vizuri ikaondolewa, zikarudi divisheni. Silaumu, labda kulikuwa na sababu. Nachosema ni kwamba kipimo kimesogezwa mara nyingi na anayekisogeza ni binadamu, kwa hiyo tusiongee na huyu binti kama vile F yake imeandikwa kwenye mawe ya Kibo.

Najua utakachosema, na utakuwa na haki. Utasema we wa steshenari unataka tuweke kwenye wodi mtu asiyejua sayansi, akimuua mgonjwa utakuja kujibu wewe? Hapana Mheshimiwa. Nina mama, ana presha, namtaka nesi anayejua. Sitaki Fizikia ifutwe.

Kuna nesi mmoja mteja wangu, mkunga wa miaka mingi, huwa anakuja kuprinti ripoti zake jioni akitoka zamu. Nilimuuliza dada hebu niambie ukweli, Fizikia unaitumia? Akanijibu anaitumia kila siku. Mtungi wa oksijeni na ile geji yake ni Fizikia, kipimo cha presha ni Fizikia, dripu inaning'inizwa juu ya mgonjwa na sio chini kwa sababu ya Fizikia, mashine ya kutakasia vifaa kwa mvuke ni Fizikia, hata kumgeuza mgonjwa mwenye kilo mia bila kujivunja mgongo ni habari ya wenzo na egemeo. Nikamwambia basi wana haki kuikomalia. Akasema subiri. Akachukua kalamu yangu, akageuza risiti akaandika nyuma: lita moja ya maji, yaende kwa masaa 8, seti inayotoa matone 20 kwa mililita. Elfu moja mara ishirini, gawanya kwa dakika 480. Inatoka matone 41 na point, unaweka 42 kwa dakika. Akasema hii ndo hesabu inayomuua mtu ukiikosea, na hii ni Hisabati, na Hisabati sio lazima kwenye kigezo, mtu anaingia chuoni na F yake ya Hisabati anaenda kufundishwa hii hesabu pale pale chuoni mpaka aiweze, na wanaiweza. Alafu akaniuliza, mada za Fizikia kidato cha nne unazikumbuka? Mawimbi, sumaku-umeme, mionzi, elektroniki, habari za nyota na sayari, matetemeko ya ardhi. Akasema mi nazalisha, sijawahi kuulizwa na mama mwenye uchungu dunia iko mbali kiasi gani na jua.

Kama chuo kinaweza kumfundisha mwenye F ya Hisabati hesabu ya dripu mpaka akaijua, kinashindwaje kumfundisha mwenye F ya Fizikia geji ya oksijeni? Hapo ndo ombi langu lilipo, na ni moja. Wekeni kozi rasmi ya maandalizi. Mwenye ufaulu wa masomo manne na kuendelea, Kemia na Baiolojia zikiwemo, aliyekosa Fizikia tu, apokelewe kwenye chuo cha serikali kwa muhula mmoja au miwili, asome Fizikia ya wodini, ile ya presha na mvuke na umeme wa mashine, na hesabu za dawa juu yake, alafu apewe mtihani mmoja wa nchi nzima. Akifaulu anaingia mwaka wa kwanza kama wenzake. Akifeli anarudi nyumbani, hatalalamika, amepewa nafasi. Wala hapiti dirishani huyo, maana mbele yake bado kuna miaka mitatu, ngazi ya nne, ya tano, ya sita za mafunzo ya chuo, kuna fildi, kuna mitihani ya kila muhula, na akimaliza kuna Baraza la Uuguzi na Ukunga linamsubiri na mtihani wake wa leseni. Vichujio vipo vya kutosha huko mbele. Huyu tunamchuja kabla hajafika hata getini, kwa somo ambalo hakufundishwa.

Watu wanasema si arisiti, yaani arudie mtihani. Sawa, arisiti, na wapo wanaorisiti, nawajazia na hao. Ila mtihani ni mwezi wa kumi na moja mara moja kwa mwaka, matokeo mwezi wa kwanza, kwa hiyo ni mwaka mzima, na huo mwaka anafundishwa Fizikia na nani? Mwalimu wa Fizikia ambaye hakuwepo shuleni hayupo hata tyusheni, na aliyepo mjini bei yake mama wa Memorial haiwezi. Anakaa nyumbani na daftari la kukopi, anaenda tena kukutana na amita ile ile. Mwaka wa pili wengi hawarudi kwangu, nakutana nao Kiboriloni wanauza nguo, mmoja ana mtoto mgongoni, tunasalimiana yanaisha.

Na kuna kundi jingine ambalo linaniuma kuliko hili. Ni wale ambao Fizikia hawana kabisa, sio F, hawajaifanya. Kwa utaratibu waliosomea hawa, Baiolojia ilikuwa ya lazima ila Fizikia na Kemia ukifika kidato cha tatu unaruhusiwa kuziacha. Mtoto ana miaka kumi na tano, mwalimu wa Fizikia hayupo, mwalimu wa nidhamu anasema wanaotaka sayansi wakae huku na wanaotaka sanaa huku, anaangalia marafiki zake wameenda wapi anawafuata. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa hizo hatua tano alizotembea darasani amefunga unesi, amefunga na utabibu. Anakuja kulijua kwangu, kwenye kiti cha plastiki, miaka miwili baadaye, na mi ndo namwambia. Sio kazi yangu hiyo Mheshimiwa. Silipwi kwa hiyo, mi nalipwa kwa kurasa.

Kitabu cha mwongozo wa udahili kipo ndio, nakisifu, kina kila chuo na kila kigezo. Kiko kwa Kiingereza. Mzazi wa Memorial akisoma anaona namba za ada tu. Karatasi moja ya Kiswahili, ukurasa mmoja, "ukitaka mwanao awe nesi, mganga, mfamasia, mtu wa maabara, asiache masomo haya", ikabandikwa ofisi ya kata, kwenye zahanati, na kwenye kila darasa la kidato cha pili, hiyo ingeokoa wengi kuliko semina. Na muandike kwa herufi kubwa kwamba masomo ya dini hayahesabiwi, maana huku kwetu kuna watoto wa seminari wanakuja na B ya maarifa ya Biblia wameshahesabu na hilo, nawaambia halimo, wanakasirika na mimi.

Hapo kwenye pengo kati ya asichojua mzazi na anachokitaka mtoto ndipo wanapokaa madalali, na hili nataka nilieleze vizuri kwa sababu nimeliona kwa macho.

Dalali wa vyuo hana ofisi. Ana simu mbili na begi la mgongoni, na wakati wa udahili utamkuta anazunguka stendi na kwenye steshenari kama hizi za kwetu, anasikiliza. Akisikia mama anauliza "sasa mwanangu hana Fizikia itakuwaje", anasogea, "mama shikamoo, hilo dogo, chuo kipo". Alikuja mmoja kwangu na flashi, anataka nimprintie barua za kuitwa chuoni. Nikafungua, barua kumi na kitu, maneno yale yale, jina tu linabadilika, na mhuri umeskaniwa, umekaa upande ule ule, umepinda vile vile kwenye kila barua, hata alama ya kidole cha wino pembeni ya mhuri ipo kwenye zote. Nikamrudishia flashi yake nikamwambia printa mbovu. Akaenda kwa jirani, na kwa jirani zilitoka.

Binti mmoja wa hapa Njoro alipita njia hiyo. Chuo cha binafsi, sikitaji. Alipokelewa hana Fizikia, ada akalipa, mama yake aliuza ng'ombe wa maziwa na kipande cha kihamba, shamba la ukoo, kikawekwa rehani, akapiga picha na sare zake akaweka kwenye profaili, tukampa hongera. Mwaka wa pili ndo wakaambiwa majina yao hayamo kwenye mfumo, hawatambuliki, mtihani wa wizara hawafanyi. Ada hairudi. Dalali simu haipatikani. Sasa hivi binti ameajiriwa duka la dawa baridi, anawaambia watu paracetamol mbili mara tatu, na hilo ndo limekuwa unesi wake. Njia rasmi ikiwepo hata kama ni ndefu, dalali atauza nini? Dalali anaishi kwa sababu jibu la serikali kwa mtoto mwenye F moja ni hapana, na ukimya.

Kuna na kina mama wahudumu wa afya, wale tunaowaita atendanti. Mmoja huwa anakuja kwangu kurenyuu vitu vyake, yuko wodi ya watoto mwaka wa kumi na ushee sasa. Ana kidato cha nne, divisheni IV, Fizikia F. Amenisimulia kwamba manesi wapya wakija ndo yeye anawaonyesha mtoto aliyepungukiwa maji anavyoonekana, ukibana ngozi ya tumbo inarudi taratibu, utosi umeingia ndani, analia bila machozi. Anajua mtoto wa kukimbizwa kwa daktari kabla kipimo hakijasema. Na atastaafu akiwa mhudumu, kwa sababu ya mtihani alioufanya akiwa na miaka kumi na minane. Yeye hata kozi yangu ya muhula mmoja ningeomba mumpunguzie. Mpimeni pale pale wodini, mkunga mwandamizi asimame pembeni na karatasi, ajaze anachokiweza na asichokiweza, alafu asichokiweza ndo akasomee. Mtu huyu ataondoka hospitali miaka mitatu na atarudi nesi mwenye uzoefu wa miaka kumi na tano, nani mwingine mtampata hivyo kwa bei hiyo?

Na sio jambo jipya hili, nchi hii ilishawahi kulifanya kwa ukubwa kuliko ninavyoomba mimi. Baada ya Azimio la Arusha, miaka ya 70 zahanati zinajengwa vijijini na watu wa kukaa humo hawapo, serikali ilichukua watoto wa darasa la saba. La saba, Mheshimiwa. Ikawafundisha, wengine wakawa waganga wasaidizi wa vijijini, RMA, wengine wakawa wasaidizi wa afya ya mama na mtoto, MCH. Huku Old Moshi tunaye mama mmoja mstaafu mpaka leo watu wanamwita Mama MCH, jina lake la ubatizo wengi hawalijui. Mimi amenipima kwa ule mzani wa kuning'inia kama kilo za nyama, na nusu ya watu wazima wa pale amewapokea yeye. Fizikia hakuisikia. Alifundishwa kitu anachotakiwa kukifanya, akasimamiwa, baadaye wenzake wengi wakapelekwa kujiendeleza. Sisemi turudi huko, magonjwa yamebadilika, mashine zimebadilika, na hata yeye angekuambia walikuwa wanapoteza kina mama ambao leo wangepona. Ila wazo la kwamba mtu anaanza alipo na anapandishwa kwa kufundishwa, hilo lilikuwa la kwetu wenyewe, sijui tulilipoteza wapi.

Sasa hivi mna ule mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024, zaidi ya watu 137,000 kwa miaka mitano, miezi sita ya mafunzo. Mzuri, na mabinti wangu kadhaa nimewajazia huko. Lakini wananiuliza swali moja, nikitembea nyumba kwa nyumba miaka mitatu kupima watoto na kufuatilia wajawazito, hiyo miaka itanisogeza kwenye uuguzi au nitabaki na begi na fulana? Iandikwe kwamba itawasogeza. Mtu anayejua kuna ngazi mbele yake anafanya kazi tofauti na anayejua hakuna.

Niseme na kidogo la walioko ndani tayari. Nesi wa stashahada akitaka digrii lazima awe na GPA ya 3.0. Mwenye 2.9, hata awe amefanya kazi miaka ishirini, mfumo unamkataa kabla hujamaliza kujaza. Wengi wanaokosa hapo ni wale waliokuwa wanasoma huku wanafanya vibarua vya kujilipia ada. Hilo najua linahusu na mwenzako wa Elimu na watu wa vyuo vikuu, kwa hiyo sitakuchosha nalo, ila siku mkikaa kikao mlitaje.

Mikopo ya ngazi ya stashahada iliyoanza 2023/2024 ni jambo ambalo sisi wa steshenari tulilishangilia kuliko wanafunzi wenyewe. Basi na hii kozi ya maandalizi ikija isiwe ya kulipia kama chuo cha binafsi, maana mtaifanya iwe ya watoto wa Shanty Town, mtaa wetu wa wenye nazo, peke yao, na hao hawana shida, kwao Fizikia ilikuwa na mwalimu na mwalimu wa akiba.

Yule binti wa Uru alirudi juzi kuniuliza kama kuna jipya. Nikamwambia kuna kozi nyingine anazoweza kuingia bila Fizikia, nikamtajia kama famasia, akasema kaka mi nataka kukaa na wagonjwa sio kukaa na dawa. Nimemwambia asijisajili popote mpaka kwanza tuangalie wote jina la chuo kwenye orodha ya vilivyosajiliwa, na asimpe mtu hela mkononi, kila malipo ya serikali yana kontroo namba. Anauza na mama yake kwa sasa, asubuhi anafungua belo na kupanga vya watoto upande wake.

Ukinijibu Mheshimiwa, hata kama ni hapana, naomba iwe kwa Kiswahili na iwe ukurasa mmoja, nitaprinti kwa hela yangu niibandike mlangoni kabla usajili wa watahiniwa wa kujitegemea haujafungwa, ili anayetakiwa kurisiti ajue mapema na anayetakiwa kusubiri kozi asubiri.

Wako,
Mwenye steshenari, njia ya Pasua, Moshi